Kifaru wa Begani: Niliyojifunza Nikitafuta Nembo Halisi ya Askari wa Keya Mtandaoni

Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki iliundwa mwaka 1943 kwa kukusanya vikosi vya King's African Rifles (KAR), jeshi la kikoloni la Uingereza, kutoka Kenya, Uganda, Tanganyika na Nyasaland pamoja na kikosi cha Rhodesia ya Kaskazini. Ilipelekwa Ceylon (Sri Lanka ya leo) kwa mazoezi, na katikati ya mwaka 1944 ikaingia Burma (Myanmar ya leo) kupigana na Wajapani. Askari wake, ambao wazee wetu waliwaita Keya, walivaa begani nembo ya kitambaa yenye kichwa cha kifaru mweusi juu ya umbo la yai jekundu. Babu yangu mzaa mama alikuwa mmoja wao, katika bataliani ya 36 ya Tanganyika. Alirudi na maneno machache sana kuhusu bonde la Kabaw, matope yake na malaria yake, na katika vitu alivyoacha hakukuwa na nembo hata moja. Ndugu walipokubaliana kutengeneza fremu yenye picha yake na nyota yake ya Burma, medali ya vita vile, ilionekana kwamba pembeni pamebaki nafasi inayomngoja yule kifaru. Kazi ya kumtafuta nikapewa mimi, si kwa sababu ya ujuzi wowote, bali kwa sababu katika ukoo mzima ni mimi niliyekuwa na kadi ya benki inayokubaliwa na wauzaji wa ng'ambo.

Nembo hizo zipo mtandaoni, tena nyingi kuliko nilivyodhani. Wauzaji wengi wako Uingereza, wengine India, wengine Asia ya Mashariki, na bei zake zinapishana kwa namna isiyoeleweka: moja inauzwa kwa fedha ya chakula cha mchana, nyingine inayofanana nayo kabisa pichani inauzwa kwa mshahara wa wiki. Karibu kila tangazo linadai kwamba nembo ni halisi ya wakati wa vita. Nilichagua iliyokuwa na rangi kali, kingo zilizonyooka na kifaru mwenye sura nzuri, nikalipa, na ilipofika tukaipeleka kwa mama mkubwa, binti wa kwanza wa marehemu. Aliishika kwa muda mrefu bila kusema kitu.

Siku chache baadaye nilimpelekea fundi wa kudarizi aliye jirani ili anishauri namna ya kuishikiza kwenye fremu. Aliigeuza mara moja tu, akaniuliza nilitengenezewa wapi. Upande wa nyuma ulikuwa na utando mwembamba wa gundi, ile inayoyeyuka kwa pasi ili nembo ijibandike kwenye nguo, na uzi mweupe wa bobini, ule wa upande wa chini wa mashine, ulikuwa umenyooka na kurukaruka kutoka sehemu hadi sehemu jinsi zinavyofanya mashine za kompyuta anazozitumia yeye mwenyewe kudarizi sare za shule. Muda wa kudai fedha ulikuwa umekwisha pita, kwa kuwa siku za kulalamika zilihesabiwa tangu nilipolipa, na mzigo ulikuwa umekaa njiani kwa wiki kadhaa. Hata kama ungekuwa haujapita, gharama ya kuirudisha kwa njia ya kusajiliwa ilizidi bei ya nembo yenyewe. Fedha ile niliisahau upesi. Kumweleza mama mkubwa ndiko kulikoniwia vigumu, na nililiahirisha jambo hilo kwa visingizio ambavyo sitavitaja hapa.

Kwa anayenunua akiwa Afrika Mashariki, basi, jambo la kwanza la kusoma kabla hata ya picha ni masharti ya kurudishiwa fedha. Mwandikie muuzaji kabla ya kulipa umuulize waziwazi kama atakubali nembo irudi iwapo wakusanyaji wengine wataikataa, na kama muda wa kuirudisha unahesabiwa tangu siku ya kuipokea au siku ya kulipa. Muuzaji anayejua anachokiuza hujibu bila kuzunguka, na jibu lake likiwa katika maandishi linakuwa ushahidi wako. Anayekasirishwa na swali hilo amekwisha kukujibu.

Baada ya hapo niliacha kununua kwa miezi na kuanza kujifunza. Kilichonisaidia zaidi ni kubadilisha swali. Mwanzoni nilikuwa nikiuliza kama nembo iliyo mbele yangu inafanana na picha ya nembo halisi, na swali hilo halina faida, kwa sababu anayetengeneza ya bandia naye ana picha ileile na anaifuata kwa makini. Swali linalozaa matunda ni kama kitu hiki, kwa uzi wake, kitambaa chake, rangi yake na mashine iliyokishona, kingeweza kuwapo mwaka 1944. Mchoro huigwa kwa dakika chache, lakini malighafi za wakati ule ni ngumu kuzipata na ni ghali, na mtengenezaji wa bandia mara nyingi hutumia alichonacho kiwandani.

Alichonacho, kwa kawaida, ni poliesta. Nyuzi za aina hiyo zilibuniwa Uingereza mwaka 1941 na wanakemia Whinfield na Dickson, lakini hazikuanza kuuzwa kwa wingi hadi miaka ya 1950. Nembo ya vita iliyodariziwa kwa poliesta haiwezi kuwa ya vita, hata ikiwa na hadithi ndefu kiasi gani. Ukiwa na nembo mkononi, na ikiwa ni mali yako au umepewa ruhusa, chomoa kipande kidogo cha uzi uliolegea upande wa nyuma, ukishike kwa koleo ndogo mbali na nembo, ukichome. Pamba huwaka kama karatasi, hunuka kama karatasi na kuacha jivu laini la kijivu. Sufu hunuka nywele zilizoungua. Poliesta hujikunja, huyeyuka na kuacha shanga ndogo ngumu isiyopondeka kwa vidole. Hapa pana mtego mmoja uliowafanya watu watupe vitu vizuri: mng'ao wa uzi peke yake si ushahidi. Rayoni, ambayo hung'aa kama hariri, ilikuwa inatumika sana kabla ya vita, nayo huwaka kama pamba. Kwa hiyo usiikatae nembo kwa sababu inameremeta, mpaka umejua inayomeremeta ni nini.

Kipimo cha pili ni taa ya mwanga wa urujuanimno, zile taa ndogo ambazo wenye maduka huzitumia kukagulia noti. Kemikali za kung'arisha weupe zilienea katika vitambaa na sabuni za unga baada ya vita, na chini ya taa hiyo gizani huwaka kwa rangi ya samawati nyeupe. Nembo yangu ya kwanza iliwaka kama tangazo la baa. Hata hivyo watu huitegemea taa hii kupita kiasi. Nembo halisi iliyofuliwa miaka ya 1970 kwa sabuni ya unga pamoja na shati lake inaweza kuwaka, na nembo iliyotengenezwa mwaka jana kwa pamba isiyotiwa kemikali inaweza kubaki gizani kabisa. Ninachokiangalia sasa ni namna inavyowaka. Ikiwaka kote kwa kiasi kimoja, huenda ni mabaki ya sabuni. Ukiona uzi wa rangi moja tu ndio unaowaka, au uzi wa bobini peke yake, basi uzi huo ulitoka kiwandani hivyo, na hapo shaka inakuwa nzito.

Nembo za Uingereza za wakati wa vita hazikudariziwa zote. Nyingine zilitengenezwa kwa kitambaa cha sufu kilichoshindiliwa, umbo moja likishonewa juu ya jingine, na kadiri vita vilivyoendelea zilienea nembo zilizochapishwa kwa rangi kwenye kitambaa cha pamba, kwa kuwa ziliokoa uzi na muda. Hizi za kuchapishwa ndizo zinazodharauliwa na wanunuzi wapya, maana zinaonekana rahisi na hazina ule uzito wa kudariziwa, ilhali ni nembo halali kabisa za wakati ule. Za bandia zipo pia, lakini lenzi ya kukuzia huzifichua upesi. Rangi iliyochapishwa kwa njia za zamani hukaa kama utando mmoja na kuzama kati ya nyuzi, ikiacha kivuli hafifu upande wa nyuma. Rangi ya mashine ya kompyuta ni vidoti vidogo vya rangi kadhaa vilivyopangwa pamoja ili jicho lione rangi moja. Lenzi ya sonara inatosha. Ukiwa unanunua kwa mbali, mwombe muuzaji picha ya karibu ya mahali rangi mbili zinapokutana, maana hapo ndipo vidoti huonekana.

Ili kulifundisha jicho, nilianza na nembo za Marekani, ingawa hazina uhusiano na babu. Jeshi la Marekani lilianza kuvaa nembo za begani mwaka 1918, Divisheni ya 81 na paka mwitu wake ikiwa ya kwanza, na katika Vita vya Pili vya Dunia zilitengenezwa kwa wingi mno, kiasi kwamba nembo halisi ya divisheni ya kawaida bado inaweza kupatikana kwa bei ndogo. Ukiwa na chache ambazo hakuna mtu mwenye sababu ya kuziiga, unajifunza kwa vidole vyako pamba ya wakati ule inavyohisi, kingo zilizokatwa zinavyokuwa na nyuzi zilizochomoza, na mgongo wa nembo uliodariziwa kwa mashine kubwa za zamani unavyoonekana. Utatambua pia kwamba ile kingo nene ya uzi uliozungushwa pembezoni, yenye kijimkia cha uzi kinachoning'inia nyuma, ilienea katika nembo za Marekani kuanzia miaka ya 1960, kwa hiyo tai wa nembo ya Divisheni ya 101 ya askari wa miavuli mwenye kingo kama hiyo hakuruka Normandy, Ufaransa, mwaka 1944, hata kama muuzaji anaapa. Huyo tai, kwa taarifa, ni miongoni mwa nembo zinazoigwa sana. Asiye na uzoefu amwache kabisa. Nimekutana hata na nembo ya "Vita vya Pili" iliyoshonewa velkro nyuma, kitu ambacho hataza yake ni ya miaka ya 1950, na mnada wake ulikuwa na washindani.

Na kuna jambo moja la ajabu ambalo lilinifanya niwe mwangalifu hata na vitabu vya picha. Mwaka 1944, katika mpango wa kuwahadaa Wajerumani kuhusu mahali pa kutua Ufaransa, Wamarekani walibuni na kutengeneza nembo za divisheni ambazo hazikuwahi kuwa na askari. Nembo hizo ni halisi, za wakati wa vita, zilizoagizwa na jeshi lenyewe, na hakuna bega la divisheni hiyo lililowahi kuzivaa. Anayekuuzia moja pamoja na kisa cha baba yake aliyepigana katika divisheni hiyo, mwache aendelee kusimulia.

Kwa nembo ya kifaru, ugumu ni wa aina nyingine, nao ndio ulionigharimu zaidi kuliko ile ya kwanza ya bandia. Askari wa Divisheni ya 11 walikuwa mbali na Uingereza, na vikosi vilivyokuwa upande ule wa dunia vilipata nembo nyingi kutoka kwa mafundi wa sokoni India, walioshona kwa mkono au kwa cherehani ya kanyagio, kwa kitambaa cha kaki au pamba walichokuwa nacho. Matokeo yake ni kwamba nembo halisi hazifanani zenyewe kwa zenyewe. Vifaru wengine ni wanene, wengine wana pua ndefu, pembe zinapishana, na jekundu linatoka rangi ya matofali hadi rangi ya damu. Niliwahi kuona mnadani mmoja aliyedariziwa ovyo, mishono ikipishana, jicho likiwa mahali pasipo jicho, nikacheka na kupita. Mkusanyaji mmoja mzee wa Uingereza, ambaye nilikuwa nimeanza kuandikiana naye, alikuwa ameiona pia, na aliponieleza kwa nini yeye angeinunua, mnada ulikuwa umefungwa. Mishono ilikuwa ya mkono, mgongo wake ulikuwa na mafundo ya nyuzi yaliyofungwa moja moja, kitambaa kilikuwa na mikunjo mikavu ya kushonewa kwenye shati, na jekundu lililofichwa chini ya upindo lilikuwa limekolea kuliko lile la wazi. Mtengenezaji wa bandia hujitahidi kuwa mzuri kwa sababu anauza kwa macho ya mnunuzi. Fundi wa sokoni mwaka 1944 alikuwa na kikosi kizima kinachosubiri.

Upande wa pili wa jambo hilohilo ni Vietnam. Wamarekani walipokuwa huko, mafundi wa mitaani Saigon waliwashonea nembo za vikosi, na baada ya vita kazi hiyo iliendelea kwa ajili ya watalii, kwa mitindo ileile. Katika hali kama hiyo umbo, ustadi na hata aina ya mshono havitoshi kutenganisha ya mwaka 1968 na ya mwaka 1998, na mnunuzi hubaki na uzi, uchakavu na kumbukumbu ya mahali nembo ilikopitia.

Uchakavu nao huigwa. Nembo mpya huchovywa kwenye majani ya chai au kahawa ili ionekane imezeeka, na ukiijua alama yake huwezi kuisahau: rangi ya kahawia imeenea sawasawa mbele, nyuma na hata ndani ya mishono, na ukiisogeza puani utakisia kinywaji chenyewe. Uzee wa kweli una upendeleo. Hula kwanza nyuzi zilizoinuka na kingo, huchujua upande uliotazama jua, na huacha pahali palipofunikwa pakiwa na rangi yake ya asili. Matundu ya sindano ya mahali nembo ilipokuwa imeshonwa hufuata mstari, na mara nyingine hubaki na vipande vya uzi wa kaki. Wakati huohuo, usafi si hatia. Nembo ambayo haikuwahi kutolewa stoo inaweza kuwa safi kabisa baada ya miaka 80.

Ninachokiogopa kuliko chai ni hadithi. Wauzaji hupenda kuiweka nembo ya shaka pamoja na nyota ya Burma, picha ya askari asiyejulikana na kitufe cha shaba, kisha wakauza vyote kama mali ya mtu mmoja. Nyota hiyo inaweza kuwa halisi kabisa, lakini nyota za Burma zilizotolewa na Uingereza hazikuchongwa jina la mpokeaji, kwa hiyo haziwezi kuthibitisha kwamba nembo iliyo kando yake ilikuwa ya askari yeyote. Ondoa kila kilichozunguka, ibaki nembo peke yake, kisha uamue ungelipa kiasi gani. Mimi huwa naomba picha nne: mbele, nyuma, kingo kwa ubavu, na upindo ukiwa umefunuliwa. Picha ya nyuma ndiyo yenye thamani kubwa kuliko zote, na tangazo lisilo nayo, baada ya kuombwa, nalifunga. Picha hizo nazilinganisha na zile ambazo makumbusho ya Imperial War Museum ya London yameziweka wazi mtandaoni, ambako nembo nyingi za vikosi vya Uingereza zimepigwa picha na kuelezwa zilivyotengenezwa.

Si kila nakala ni utapeli, na haki itendeke hapa. Kuna wanaoigiza mapigano ya kihistoria wanaohitaji nembo mpya za kushona kwenye sare zao, na watengenezaji waaminifu huwauzia wakisema wazi kwamba ni nakala. Kuna pia nembo zilizotengenezwa baada ya vita kwa ajili ya vyama vya askari wastaafu, ambazo ni kumbukumbu za kweli ila si za mwaka 1944. Shida huanza mkono wa tatu au wa nne, neno "nakala" linapodondoka kwenye tangazo na bei kupanda. Neno linalopaswa kukushtua ni "mtindo wa". Nembo ya mtindo wa Vita vya Pili ni nembo ya jana.

Kwa walio Tanzania naongeza tahadhari ya sheria. Nembo ya kihistoria ya jeshi la kikoloni iliyo ndani ya fremu haijawahi kuniletea maswali, lakini usichanganye ukusanyaji huu na kununua mtandaoni nembo au nguo za majeshi ya leo. Jeshi la Wananchi limewahi kuwatangazia raia wasalimishe sare za kijeshi na nguo zinazofanana nazo, na kifurushi chenye kitambaa cha madoadoa hakitakusikiliza ukieleza habari za Burma. Kwenye karatasi ya forodha mwombe muuzaji aandike kilichomo kwa usahihi, pamoja na bei ya kweli. Wengine hupendekeza kuipunguza bei ili ushuru ushuke, na siku mzigo unapopotea hugundua kwamba fidia nayo hufuata bei iliyoandikwa.

Kifaru tuliye naye sasa ni wa kuchapishwa, wa pamba, aliyetoka kwa muuzaji wa Uingereza aliyekubali kwa maandishi kumpokea tena. Hana vidoti chini ya lenzi, haangazi chini ya taa, uzi uliobaki kwenye matundu yake uliungua ukawa jivu, na jekundu la chini ya upindo limekolea kuliko la mbele. Yule mzee wa Uingereza aliomba picha zaidi, akakaa nazo siku kadhaa, akasema haoni kitu kinachoipinga. Hakusema zaidi ya hapo, nami nimeandika hivyohivyo nyuma ya fremu: nani aliuza, mwaka gani, kwa bei gani, vipimo vipi vilifanyika, na kwamba nembo hii si ile aliyoivaa babu bali ya aina aliyoivaa. Mama mkubwa ndiye aliyetaka maneno hayo ya mwisho yawepo. Ile ya kwanza tunayo bado. Watoto huitumia kujifunzia tofauti, na nyuma yake, juu ya ile gundi, nimeandika "nakala" kwa wino usiofutika pamoja na mwaka niliouziwa, ili atakayeirithi asije akaiingiza tena mnadani akidhani ameokota mali.